Mvua Ikikataa, Hasara ni ya Nani?

Kama uko jikoni unachambua ndengu, kama uko kwenye matatu na barabara inakurusha, au kama umekaa tu nje unapunga upepo, ongeza sauti kidogo, tuzungumze.

Nianze na kikao ambacho naamini wengi wenu mmewahi kukikalia. Chini ya mti, viti vya plastiki vimeazimwa kanisani, karatasi kubwa imebandikwa kwenye shina. Mgeni ametoka mjini asubuhi. Anafundisha vizuri, simkosoi: kukinga udongo, kupanda miti, kurudisha samadi shambani, kuacha kuchoma mabua, kuchagua mbegu inayokomaa mapema. Saa saba inafika. Anafunika kalamu yake na kuuliza: “Kuna swali?”

Kimya.

Watu wanapiga makofi, wanatia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, wanapokea soda na mkate, wanatawanyika. Mvua ya Oktoba ikikaribia, wengi wanapanda yale yale ya mwaka jana, kwa namna ile ile ya mwaka jana. Na huko ofisini ripoti inasema: wakulima 40 wamefunzwa.

Kikao hicho kinaweza kuwa popote, lakini leo nakiweka Kanyangi. Kwa asiyepajua, Kanyangi ni wadi katika eneo bunge la Kitui Rural, kusini mwa mji wa Kitui. Ukishuka magharibi unaufuata mto Athi, na ukiuvuka Athi umeingia Makueni. Kaunti mbili, magavana wawili, lakini jua ni moja na mvua ni ile ile ya kubahatisha.

Nimewasikia watu wengi, na wengine ni watu wenye elimu yao, wakisema: “Hawa wakulima ni wagumu. Wanafundishwa kila mwaka na hawabadiliki.” Mimi leo nimekuja kuwatetea. Ule ukimya wa chini ya mti una swali ndani yake. Ni swali ambalo mwenyeji anaona haya kumuuliza mgeni, kwa sababu mgeni ametoka mbali na ameleta soda. Swali lenyewe ni hili: nikifanya ulivyosema, halafu mvua ikakataa, hasara ni ya nani?

Msikilizaji, tulishike swali hilo. Nadhani ndilo linaloamua mafunzo yapi yatashika na yapi yataishia kwenye orodha ya mahudhurio.

Kwanza tuielewe mvua yenyewe. Kaunti ya Kitui hupata kati ya milimita 500 na 1,050 kwa mwaka, kutegemea mahali. Ukiisikia hesabu hiyo haitishi sana. Taabu ni namna inavyokuja. Huja kwa mafungu mawili, la Machi hadi Mei na la Oktoba hadi Desemba. Fungu la mwisho wa mwaka ndilo watu wa Ukambani wanaloliegemea zaidi, ilhali kwenye vitabu vya shule tulifundishwa kuliita mvua fupi, kana kwamba ni nyongeza tu. Na kila fungu lina tabia yake: siku chache za mvua inayokokota udongo hadi mtoni, kisha jua kali wakati mahindi yanachanua, wakati ule ule yanapohitaji maji kuliko wakati mwingine wowote. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilikuwa mibaya katika sehemu kubwa za ukame za Kenya. Kisha mwisho wa 2023 ikaja mvua ya El Niño, nayo ikasomba barabara na madaraja.

Mambo haya mwenyeji hahitaji kuambiwa na mtu. Wakamba wanayo kumbukumbu yao ya hali ya hewa, na imewekwa kwenye majina. Njaa kubwa ya ukame huitwa yua, na kila yua hupewa jina lake. Ile ya mwisho wa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, kwa sababu ilienea kila mahali, hapakuwa na pa kukimbilia. Ile ya 1961 iliitwa Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa kuwa chakula kiliangushwa kutoka angani. Na ile ya 1984 ikaitwa Nikw'a Ngwete. Maana yake: nafa huku nimeshika. Umeshika nini? Umeshika pesa. Kuna watu mwaka ule walikuwa na noti mkononi na hawakuona pa kununua unga.

Fikiria elimu iliyomo ndani ya jina hilo. Bibi aliyeupitia mwaka wa 1984 hawezi kudanganywa kwamba pesa ni chakula. Atauza ndengu, naam, lakini hatauza zote. Atapanda mahindi hata pale ambapo afisa anamwambia mahindi hayafai, kwa sababu mahindi ndiyo muthokoi, chakula cha mahindi yaliyokobolewa, na muthokoi uko ghalani, haumngoji mfanyabiashara.

Sasa tumchukue mama mmoja wa kufikirika pale Kanyangi. Tumwite Mwaitu, kama anavyoitwa kwa heshima mama wa watu huko Ukambani. Mwaitu yuko kwenye kile kikao. Ameambiwa achimbe mashimo ya zai. Haya ni mashimo mapana yanayokusanya maji ya mvua na samadi, kisha mbegu hupandwa humo humo. Ni ufundi uliojulikana sana kutokana na wakulima wa Burkina Faso, akiwemo mzee Yacouba Sawadogo, aliyepewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018 kwa kuirudishia uhai ardhi iliyokuwa imekauka kama sakafu. Ufundi ni mzuri. Lakini tupige hesabu pamoja na Mwaitu.

Robo ekari ina kama mita 1,000 za mraba. Ukiyapanga mashimo kila baada ya mita moja na nusu, unapata mashimo kama 450. Tuseme mtu mwenye nguvu, kwenye udongo ulio mgumu kwa jua la Septemba, anachimba 15 kwa siku. Hizo ni siku 30. Siku 30 za nani? Mume yuko Mombasa au Nairobi anatafuta kibarua. Watoto wako shuleni. Maji yako mbali, na punda anakwenda na mitungi minne na kurudi jua limeshapanda. Na Septemba ndio mwezi ambao ghala limebaki na vumbi. Hapo mtu mwenye njaa anaombwa afanye kazi ngumu kuliko zote za mwaka, kwa ajili ya mavuno ambayo hana uhakika nayo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaitu hakatai elimu. Amepiga hesabu, na hesabu imemwambia: ngoja kwanza.

Na wala asituambie mtu kwamba Mwaitu anaogopa mambo mapya. Mahindi yenyewe yalikuwa mapya, nchi hii ilikuwa ya mtama na mawele. Mahindi ya Katumani, yaliyotoka kituo cha utafiti cha Katumani karibu na Machakos, yalienea kuanzia miaka ya 1960 kwa sababu yalijibu shida ambayo mkulima alikuwa nayo: kukomaa kabla mvua haijakata. Ndengu nazo zimekuwa zao kubwa la biashara Kitui, kwa kuwa hukomaa kwa siku 60 hadi 75 na mfanyabiashara huja kuzitafuta hadi sokoni. Shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, limetoa aina zenye majina matamu: Karembo, Biashara, Ndengu Tosha. Hata chuo kikuu kilichopo Kwa Vonza, hapo jirani, South Eastern Kenya University, kilianza maisha kama Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, nao watu wa Ukambani ndio waliochanga pesa za harambee kuijenga. Watu wanaotoa mbuzi wao ili kijengwe chuo cha kilimo hawawezi kuitwa watu wasiotaka kufundishwa.

Basi tuulize kwa nini mafunzo mengine yalishika na mengine yakapeperuka. Turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba ardhi ya Machakos inakufa, na anayeiua ni ng'ombe wa Mkamba. Wakati huo Makueni ilikuwa sehemu ya Machakos, na ilibaki hivyo hadi 1992. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, makorongo yalionekana. Lakini dawa iliyotolewa ilikuwa kuwakamata ng'ombe na kuwauza kwa nguvu kwa bei ya chini, na hakuna aliyezungumza kuhusu ardhi nzuri ambayo walowezi walikuwa wamejitwalia, wakiwaacha Wakamba na mifugo yao wakisongamana. Julai mwaka huo maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi na kupiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Muindi alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Lakini serikali ililazimika kuurudisha nyuma mpango wake wa kuuza mifugo kwa nguvu. Leo mtaa mmoja wa katikati ya Nairobi una jina lake, na wengi hupita hapo bila kujua kwamba kesi yake ilikuwa, kwa namna fulani, kesi ya elimu ya mazingira. Serikali ilikuwa na takwimu, ilikuwa na wataalamu, na hata ilikuwa na sehemu ya ukweli. Ila gharama yote ya dawa yake ilimwangukia mgonjwa.

Sasa linganisha na matuta. Miaka ya 1950 wakoloni hao hao waliwalazimisha watu kuchimba matuta, na uhuru ulipokuja wengi waliyaacha yakabomoka, maana yalinuka amri. Lakini baadaye kidogo watu wakarudi kuyachimba kwa hiari yao, tena kwa wingi kuliko wakati wa fimbo. Walipendelea zaidi mtindo wa fanya juu: unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima, na udongo unautupa upande wa juu, uwe ukingo. Ukingo unapandwa majani ya mifugo, mtaro unashika maji, na baada ya miaka shamba linajisawazisha lenyewe kama ngazi. Jina hilo, fanya juu, limeingia kwenye vitabu vya sayansi ya udongo vya dunia nzima bila kutafsiriwa. Kiswahili cha jembe kimefika mbali.

Watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walichapisha mwaka 1994 kitabu kuhusu miaka 60 ya Machakos. Waliona kwamba kati ya 1930 na 1990 watu waliongezeka kutoka kama 240,000 hadi karibu milioni 1.4, na bado ardhi ilikuwa na hali bora kuliko mwanzo. Kwa nini? Tuta lilikuwa linalipa. Ukishika maji unapata kahawa, unapata maembe na machungwa, na Nairobi iko hapo kununua. Lakini tusiwe wepesi wa kushangilia. Kanyangi si Machakos. Soko la Nairobi liko mbali zaidi, na mvua ni pungufu zaidi. Kwa hiyo tuta pekee halitoshi. Lazima tuulize tena: nani anabeba mzigo wa mwanzo?

Hapa ndipo linapoingia neno ambalo ningependa kila mkufunzi anayekwenda Kanyangi alijue kabla ya kujua neno jingine lolote: mwethya. Mwethya ni ule umoja wa majirani wa kufanyiana kazi kwa zamu. Leo tunachimba kwako, kesho kwangu. Mwenye shamba anapika, watu wanachimba, wimbo unapanda, kazi inashuka. Zirudie zile siku 30 za Mwaitu. Watu 20 wa mwethya wanazimaliza kwa siku moja na nusu. Mashimo ni yale yale, jua ni lile lile, udongo ni ule ule mgumu. Kilichobadilika ni mabega yanayobeba.

Na mwethya umefanya makubwa kuliko hayo. Umeona mabwawa ya mchanga? Ng'ambo ya mto, huko Machakos, kikundi cha Utooni kilianza kazi hiyo 1978. Huku Kitui, shirika la SASOL limejenga na wananchi mamia ya mabwawa hayo tangu miaka ya 1990. Ukuta wa saruji unajengwa kukatiza mto wa msimu, ukikaa juu ya mwamba. Mvua inakuja na mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga yanajificha maji. Maji yanaweza kufika robo, au hata zaidi ya theluthi, ya ujazo wa mchanga huo. Jua haliyanyonyi kwa urahisi kwa kuwa yamefunikwa, mbu hapati pa kutagia mayai, na ukichimba kidogo wakati wa kiangazi unayakuta. Mto umegeuzwa kuwa mtungi.

Lakini sikiliza jinsi gharama zinavyogawanywa, maana hapo ndipo darasa lilipo. Kwa kawaida shirika huleta saruji, vyuma na fundi. Wananchi huleta mawe, mchanga, maji na siku zao za kazi. Na mara nyingi kuna sharti: huwezi kujenga ukuta huku ukiacha milima ya juu wazi, kwa sababu matope yataujaza mto badala ya mchanga. Kwa hiyo kikundi kinachimba matuta pia. Hakuna aliyehubiriwa kuhusu matuta kwa saa tatu. Matuta yameingia kama sehemu ya maji, na maji yanajieleza yenyewe. Mama anayeokoa saa tatu za kwenda mtoni anapata saa tatu za bustani ya sukumawiki na nyanya ukingoni. Hiyo ndiyo elimu ya mazingira, na cheti chake ni mtungi uliojaa.

Elimu hiyo ina adui, tena anakuja na lori. Mchanga ule ule unaotunza maji ndio unaojenga maghorofa Nairobi. Ukichotwa, bwawa limekufa. Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015. Sheria ni njema, lakini mlinzi wa kwanza wa mto ni yule aliyebeba mawe ya ukuta. Hakuna anayeuza jasho lake kwa bei ya lori.

Njia nyingine ya kugawana hasara ni shamba darasa. Njia hii ilianzia Indonesia mwaka 1989, kwenye mashamba ya mpunga yaliyokuwa yakiliwa na wadudu. Shirika la FAO lilisaidia wakulima wakutane shambani, wiki baada ya wiki, wajionee wenyewe. Ilifika Kenya, na kati ya 2004 na 2009 idara ya misitu, taasisi ya utafiti wa misitu KEFRI na Wajapani wa JICA waliitumia Kitui na wilaya jirani kufundisha upandaji wa miti pamoja na mazao. Watu 20 hadi 30 wanachagua kipande cha shamba la mwenzao. Upande huu wanapanda kwa njia ya zamani, upande ule kwa njia mpya. Kila wakikutana wanapima, wanahesabu wadudu, wanachora walichokiona, wanabishana. Mwisho wa msimu kila mtu anaona kwa macho yake.

Uzuri wa shamba darasa umejificha mahali ambapo ripoti haziangalii. Jaribio likifeli, hakuna nyumba inayolala njaa. Kimekufa kipande kimoja, tena cha watu 25. Mwaitu amejifunza bila kuweka chakula cha wanawe rehani. Akirudi kwake msimu ujao akajaribu robo ekari, hajaribu kwa imani, anajaribu kwa ushahidi.

Niwape mfano mmoja unaohitaji subira zaidi: mukau. Mkamba anaujua mti huu tangu enzi. Mbao zake mchwa huziogopa, milango hutengenezwa kwazo, mizinga ya nyuki pia, na majani yake huchipua kiangazi kinapokaribia kuisha, wakati mbuzi hawana kitu. Lakini kuuotesha ni kazi ya kutafuta sindano mchangani. Mbegu imefungwa ndani ya kokwa gumu. Wenyeji waliokota makokwa kwenye zizi, mahali mbuzi walipokula tunda na kuyatema. Kokwa linavunjwa kwa uangalifu, mbegu inachanwa kidogo kwa wembe, inalowekwa, ndipo inapandwa kwenye mchanga wenye joto chini ya plastiki. KEFRI wamefanya kazi hiyo miaka mingi hapo Kitui, na tangu 2012 wakaanzisha mashamba ya mbegu bora za mukau kule Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni, kwa kuchagua miti mama iliyostahimili ukame.

Mti ukishika, unaukata baada ya miaka 10 hadi 15. Sasa uliza lile swali letu. Katika miaka hiyo, Mwaitu anakula nini? Jibu lipo: anapanda ndengu na kunde katikati ya miche miaka ya mwanzo, anawalisha mbuzi majani, anatundika mzinga. Mafunzo yanayomwambia apande mukau bila kumwonyesha namna ya kuishi hadi mukau ukomae yamemfundisha nusu. Na nusu aliyoachiwa ndiyo ngumu.

Wasikilizaji, nimesifu vya kutosha. Sasa niseme pale tulipokosea kama nchi, maana mifano miwili inaniuma.

Wa kwanza ni mtama. Kwa miaka mingi wakulima wa nchi kavu walihimizwa wapande mtama aina ya Gadam, ambao unastahimili ukame na ulikuwa na mnunuzi mkubwa, kampuni ya bia. Watu wakapanda, wakapambana na ndege aina ya kwelea wanaoshuka kama wingu. Mwaka 2013 serikali ikairudishia ushuru bia ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa mtama huo. Mauzo ya bia yakaanguka, na mtama ukabaki magunia. Mkulima alifanya kila alichofundishwa. Mvua haikumwangusha, aliangushwa na kalamu ya Nairobi. Msimu uliofuata ukimwendea na somo jipya, unashangaa kwa nini ananyamaza?

Wa pili ni makaa. Januari 2018 gavana wa Kitui wakati huo, Charity Ngilu, alipiga marufuku biashara ya kusafirisha makaa na mchanga nje ya kaunti. Migunga ilikuwa inaisha, hilo ni kweli, na mtu alihitajika kusema basi. Lakini kwa familia nyingi gunia la makaa ndiyo bima yao. Mazao yakikauka, unaingia porini na shoka, watoto wanarudi shule. Ukiiondoa bima hiyo bila kuweka nyingine, kazi hiyo inahamia usiku. Makaa ni alama ya kwamba msimu umekataa na hasara imebaki kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo nikiulizwa fedha za mazingira ziende wapi, jibu langu ni kwamba zisiishie kwenye vikao. Makueni ilionyesha njia mwaka 2015 ilipoweka kanuni za mfuko wa mabadiliko ya tabianchi na kuutengea asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo, huku kamati za wadi zikipendekeza miradi. Fedha ya namna hiyo inaweza kufanya kitu ambacho soda na mkate havifanyi. Inaweza kununua saruji ya ukuta. Inaweza kununua mbegu za kipande cha majaribio na kukifidia kikifeli. Inaweza kumlipa fundi wa kupima usawa wa matuta kijiji kizima, badala ya kumlipia mgeni hoteli ya siku mbili.

Najua kuna msikilizaji anayenijibu hapo alipo. Anasema: ukianza kuwalipia wakulima, utawazoesha kupewa. Ukikoma kulipa, nao watakoma kulima. Ni hoja nzito, na nimeiona ikitokea, watu wanahudhuria mafunzo kwa ajili ya nauli tu. Lakini tofautisha kumlipa mtu ili asikilize na kugawana naye hasara ya kujaribu. Yule wa kwanza anatoka na shilingi zake na daftari jeupe. Yule wa pili ameweka mawe yake, siku zake na jembe lake, nawe umeweka saruji yako. Mkifeli, mmefeli wote. Mkifaulu, kila mtu anajua amechangia nini. Mwethya haujawahi kuwa sadaka. Atakayekula chakula cha mwethya leo bila kuja kesho kwa mwenzake, kijiji kizima kinamjua.

Na wewe mkufunzi, ambaye huenda unajiandaa kushuka Kanyangi wiki ijayo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji haponi kwa hotuba. Kabla hujaanza kufundisha, uliza majina ya njaa. Uliza ni nani alikuwepo mwaka wa Nikw'a Ngwete. Uliza ni vikundi gani vina mwethya unaofanya kazi na vipi vimebaki jina. Kisha sema kwa uwazi: katika jaribio hili, mimi nimeleta hiki, nyinyi mtaleta hiki, na likifeli, hasara tutaigawana hivi.

Oktoba haiko mbali. Hivi karibuni, jioni kama hii, mawingu yataanza kujikusanya juu ya milima ya Kitui na upepo utageuka. Mwaitu atatoa mbegu kwenye kibuyu na kuzigawa kwa mkono: hizi za mahindi, hizi za ndengu, hizi za mbaazi kwa kingo za shamba. Kuna konzi moja ndogo ataiweka pembeni, ya kujaribia. Ukubwa wa konzi hiyo utakuambia imani yake kwako kuliko makofi yote ya chini ya mti.

Na wewe Mwaitu, na wewe mzee, mkulima unayenisikiliza, nina ombi moja kwako. Safari ijayo mgeni akimaliza kufundisha na kuuliza, “Kuna swali?”, usinyamaze kwa heshima. Inua mkono. Msalimie vizuri, mshukuru kwa kuja, kisha muulize: mvua ikikataa, hasara ni ya nani? Halafu ukae kimya umsikilize, maana sasa ni zamu yake kufikiri.